Kura ya Delaware Yafika Crescent Town

Jumapili, kwenye ukumbi wa jengo letu Crescent Town, hapa Toronto, kina mama wa chama walitakiwa kuchagua mwenyekiti kati ya wawili wanaokaa floor moja. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nani atapanda lifti kesho na yule aliyemnyima kura? Mimi nilikuwa pale kupanga viti tu.

"Wewe msomi, si ulisomea mambo ya kura?" katibu akaniuliza.

Nilisomea, ndiyo. Digrii nzima, na ofisi za hapa bado zinataka Canadian experience, yaani uwe umeshafanya kazi Canada, kana kwamba ubongo nao unahitaji visa. Nikawaambia: Delaware, kijimbo kidogo cha Marekani, kwenye uchaguzi wa kwanza kabisa, wananchi walichagua watu watatu, na hao watatu ndio waliokwenda kupiga kura ya rais.

"Kwa hiyo lawama ni za watatu?" katibu akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Aki hao watu walikuwa na akili! Tuchague watatu."

Wakachaguliwa papo hapo, kwa makofi: watatu ambao hawakuja kikaoni.

Nikafungiwa chapati nne. Digrii yangu imepata kazi, jamani. Mwenyewe bado.