Sauti Iliyoanza Kuchoka

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ulikuwa mwezi wa Juni, pale Uyole, Mbeya, ukungu haujainuka kwenye mashamba ya viazi, na watu wazima wa ukoo wetu walikuwa wamejaa sebuleni kwa bibi yangu kuamua kama kaseti izikwe.

Usicheke. Juzi nilikukuta ukiipiga makofi ile kompyuta yenu ya nyumbani kwa sababu inachelewa kufunguka, nikaikumbuka sebule ile. Nimetembea nchi nyingi tangu wakati huo, sikai mahali pamoja, wewe mwenyewe unanijua. Lakini sebule ile naibeba kila ninakokwenda.

Baba yangu mdogo, Ambakisye, alikuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Likizo yake ya mwisho alirudi na redio kaseti, ya kwanza kuonekana mtaani kwetu. Majirani walikuja kuitazama kama watu wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Asubuhi ya kuondoka alibonyeza kitufe chekundu, akainama, akazungumza na mama yake ndani ya ile mashine. Akamsalimu kwa Kinyakyusa chetu, akamtania kuhusu majogoo anayoyaficha wageni wakija, akacheka, akaaga. Halafu akapanda gari. Mwaka huo huo tukaletewa habari kwamba ameugua na kufa, na wenzake wamemzika huko huko. Kwetu hakuna kaburi lake. Tulibaki na sauti tu.

Kila Jumapili baada ya ibada Bibi aliisikiliza. Halii. Anaitikia. Baba mdogo akisema, "Ugonile, mama," naye anamjibu salamu, anamuuliza habari za huko, na ukimtazama huwezi kusema anazungumza na mashine. Sisi vijana tulikuwa tunasimama mlangoni, hatuthubutu hata kukohoa.

Basi ilipofika Juni ile, sauti ikaanza kupungua mwendo. Kwanza kidogo, kama mtu aliyeamka na mafua. Baadaye ikawa nzito, inayumba, inaburuta maneno, na kile kicheko chake kikageuka mngurumo wa ng'ombe mgonjwa. Kila mwanamume wa nyumba ile alikuwa na dawa yake. Mmoja alianika betri juani. Mwingine alinunua mpya, akachanganya na zile zilizoanikwa. Wa tatu aliipiga kofi mgongoni. Yote hayo asubuhi moja! Mchana ilipozidi kuwa nzito, hakuna aliyejua nani ameiponya na nani ameiua.

Ndipo baba mkubwa, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akasema lile lililotukusanya.

"Mnamsikia? Amechoka huyu. Anataka kwenda, na sisi kila Jumapili tunamvuta arudi. Hatukumzika. Tuitie ile kaseti kwenye kisanduku, tuizike kando ya baba yake, mtoto apumzike."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma fizikia ya sumaku na umeme, lakini nakuambia ukweli, nywele zilinisimama. Sauti ya mtu aliyekufa inakuwa nzito kila wiki, inasogea mbali kila wiki. Ungekuwapo, hata wewe ungeamini.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kaseti mkononi. Akasema taratibu, "Kabla sijamzika mwanangu, nataka mtu aniambie. Ni yeye aliyechoka, au ni hiki chombo?"

"Mama, ni kitu kimoja," baba mkubwa akamjibu.

"Si kitu kimoja. Yeye nilimzaa. Hiki kilinunuliwa dukani."

Baba mkubwa akakubali kungoja hadi Jumapili iliyofuata. Baada ya hapo, majembe.

Mafundi wa Mbeya mjini waliziogopa redio za kaseti siku zile, tukaelekezwa kwa fundi mmoja Iringa. Nilitaka kwenda peke yangu. Bibi alikwishavaa viatu. "Alikwenda mbali bila mimi mara moja," alisema, "inatosha." Tukapanda basi, redio kwenye mapaja yangu, kaseti imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Njiani, tulipofika Chimala, wauza mchele waliligombea dirisha letu, na Bibi, ambaye hajawahi kupita mchele mzuri bila kuuonja, hakugeuza hata shingo.

Fundi alikuwa mzee wa Kihehe, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Chumba chake kilijaa redio za watu zilizofunuliwa matumbo. Alimwamkia Bibi, akampa kiti kizuri, mimi akaniachia debe. Nilianza kumweleza haraka haraka. Nikamwambia abadilishe betri, aweke mkanda mpya wa mpira, akaze na ile skrubu ndogo ya mota, tuwahi basi la kurudi.

Akaisukuma miwani yake juu ya pua.

"Kijana, ukimnywesha mgonjwa dawa tatu kwa mpigo akapona, utarudi kununua ipi? Na akifa, utaapa ni ipi iliyomuua?"

"Sijui, fundi."

"Basi kaa hapo kwenye debe, usijue kwa adabu."

Bibi akacheka. Tangu msiba ule sikuwa nimemsikia akicheka.

Fundi hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza. Ilianza lini? Ilianza ghafla au polepole? Kuna nini kimebadilika nyumbani? Halafu akaomba kaseti. Bibi akasita, akaishika kwa mikono miwili.

"Kaa nayo, Mama," akasema. "Sitaigusa kabla sijaamini mashine hii. Nina ya kwangu."

Akatoa kaseti ya kwaya, akaweka betri mpya zote, hakuchanganya, akabonyeza. Mwanangu, waimbaji wote walitoka wakinguruma! Soprano zilikuwa nzito kama wazee wa baraza.

Fundi akamgeukia Bibi. "Hawa wote wako hai, Mama. Jumapili iliyopita waliimba hapo kanisani, mmoja wao ni mke wangu. Unaona wamechoka?"

Bibi alifunga macho. "Kwa hiyo si yeye," akasema.

"Si yeye. Ni nyumba aliyomo."

Sasa ndipo alipoifungua. Kabla ya kuona chochote aliinusa, akaniuliza, "Mnaiweka wapi?" Nikamwambia. Baridi ya Juni ilipoanza tuliogopa unyevu, tukaipandisha kwenye kichanja juu ya moto jikoni, pale pale tunapokausha mahindi ya mbegu yasibunguliwe. Kila nyumba kwetu huweka pale kitu inachokipenda. Fundi akatikisa kichwa, akanionyesha mkanda mwembamba wa mpira, ule unaochukua nguvu ya mota na kuzungusha kaseti. Ulikuwa unang'aa kwa masizi na mafuta ya jikoni. Mota ilikimbia kama kawaida, lakini mkanda uliteleza. Tuliipenda mpaka tukaivisha moshi.

Akachukua pamba na spiriti. Akausafisha mkanda tu, akarudisha, akajaribu kwaya. Ikapanda kidogo, lakini bado inayumba. Akasafisha kigurudumu kinachobana utepe, akajaribu tena. Kwaya ikasimama wima. Skrubu ya mota hakuigusa kabisa.

"Haya, Mama. Mlete."

Bibi akafungua pindo la kitenge. Fundi akaweka kaseti, akabonyeza, na baba mdogo akaingia chumbani. Sina namna nyingine ya kulisema. Aliingia, kijana, mwepesi, ana haraka ya gari, sauti ile ile ya mlangoni kwetu. "Ugonile, mama." Na bibi yangu, katika chumba cha mtu baki, mji wa watu, akainuka kutoka kwenye kiti akamwitikia akiwa amesimama. Fundi alivua miwani. Mimi niliinuka kwenye debe bila kujijua. Nimeona bahari, nimeona treni ikipita handakini, nimeona jiji lenye taa zisizozimwa. Sijaona kitu kikubwa kuliko hicho.

Jumapili, sebule ikajaa tena. Bibi alibonyeza mwenyewe. Kicheko cha Ambakisye kilipotoka, baba mkubwa alivua kofia, akaiweka kifuani. Bibi akamwambia, "Haya, leteni majembe. Mumzike akiwa anacheka."

Hakuna aliyeinuka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Chombo kinapopunguza mwendo, usikipige, na usikihukumu. Kiulize tangu lini, na nini kimebadilika. Ile kompyuta yenu nimeona mmeibana ukutani karibu na jiko, matundu yake ya hewa yamejaa vumbi kama blanketi, na kila rafiki yako amepita akaiongezea programu yake. Yale unayoyapenda humo, picha za mama yako, kazi zako za shule, yatolee nakala kwanza uyaweke pengine, hapo ndipo mkono wako utatulia. Kisha badilisha jambo moja, tazama, ndipo uende la pili. Usianze na lile usiloweza kulirudisha. Na ukimwona mtu naye anaburuta maneno, siku hizi mzito, si yule uliyemzoea, mfanyie hivyo hivyo. Usiwahi kumzika. Uliza amekaa kwenye moshi gani.

Mungu akupe subira ya kuuliza na macho ya kuona. Akulindie sauti za watu wako, wale walio karibu na wale walio mbali, na siku utakapoitwa kwa jina lako na mtu uliyedhani humpati tena, akukute una nguvu za kusimama na kuitikia. Nenda salama, mwanangu.