Askari Asiyeliwa

Jirani yangu, muunda programu za sataranji, ana vidole visivyotulia: kila kete ikiliwa, hugonga meza. Programu yake ilikuwa na ulafi. Ikishakula askari ilikatisha hesabu na kujipa alama, bila kuona malkia wake akiliwa hatua inayofuata. Jana aliiagiza isijipe alama yoyote mpaka kete ziishe kulana. Leo, kwenye mechi ambayo ikishindwa inatolewa mashindanoni, mpinzani akaacha askari wazi.

"Shemeji, itamla tu," mdogo wa mkewe alimchokoza. "Naijua njaa yake."

Kidole cha jirani kilibaki hewani. Kwenye skrini alama zilipanda, zikaporomoka, kisha mashine ikamwacha askari na kumrudisha malkia nyuma.

"Imeona," alisema polepole, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.