Ndoo Mbili za Tope Lililopigwa Mionzi

Miaka ya tisini nilikuwa nikifanya kazi katika maabara ndogo ya maji mjini Unguja. Kazi yangu hasa ilikuwa kutazama kwa hadubini tope linalotolewa kwenye makaro ya vyoo na kuhesabu mayai ya minyoo. Mama, ambaye nikiishi naye mtaa wa Ng'ambo, majirani wakimuuliza nafanya kazi gani alijibu "kazi ya maji", akaishia hapo.

Siku moja alitujia mtaalamu kutoka bara. Alichukua tope letu lililokaushwa, akaenda kulipiga mionzi kwenye mtambo wa huko, kisha akalirudisha tulipime kama linafaa kuwa mbolea. Nilitarajia kuyakuta mayai yamepasuka. Nikayaona mazima, kama yale ya tope ambalo halikuguswa, nikadhani safari nzima imepotea bure. Akaniambia niyaweke mahali penye joto, nisubiri. Baada ya wiki kadhaa, katika tope lisiloguswa vijiminyoo vilikuwa vikijikunja ndani ya mayai. Katika lile la mionzi hakikutikisika kitu.

Nilifurahi mno. Nikaomba ndoo mbili za tope lile nipande mchicha uani.

Mama alinisimamisha mlangoni. Nikadhani anaogopa mionzi, nikamweleza kwamba hupita tu, haibaki ndani ya tope, kama mtu aliyepigwa picha ya kifua asivyorudi nyumbani na mionzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nshafahamu," akasema. "Minyoo imekufa. Na mavi nayo yamekufa?"

Tukaenda kwa ami yangu, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani nyumbani kwake. Aliuliza kama rangi imebadilika, kama harufu imeondoka. Nikasema harufu imepungua tu. Akasema basi tope bado ni najisi, lakini mchicha unaoota humo ni kitu kingine, uoshwe, uliwe.

Mama hakubishana naye. Alinipa nafasi nyuma ya ukuta wa choo, na koleo ambalo halitarudi tena jikoni. Mchicha ukastawi, majani mapana kama kiganja. Nikaupika kwa nazi. Mama alikaa nami mkekani nisile peke yangu, lakini sahani yake ilikuwa na mchicha wa sokoni.

Bonde ulikolimwa mchicha ule wa sokoni nikilijua, na maji yake ya mtaro nilikuwa nishayatazama kwa hadubini, nikayakuta na mayai yale yale. Kwa hiyo wa kwake nikiuosha mara tatu, nne. Siku moja akaniuliza mbona nauosha hivyo, nikamwambia ukweli.

Alitafuna polepole, akameza.

"Bora usingeniambia," akasema, akaendelea kula.

Mtambo kama ule haukuletwa kwetu, na mtaalamu hakurudi. Ndoo mbili zile zilinitosha misimu miwili ya mchicha, na wote niliula mwenyewe.