Golikipa Anayechechemea

Rosebellah hakupenda kupigwa picha, na tusimcheke kabla hatujamsikiliza. Kwao Malava picha ni ya harusi, ya kitambulisho na ya matanga, basi. Saudia ndiko alikoijua aina ya nne. Kwa kafili wake wa kwanza, yaani mwajiri mwenye kibali chake, mtaa wa Al-Suwaidi huko Riyadh, madam alimsimamisha ukutani asubuhi moja, akampiga picha ya mbele, akamgeuza akampiga ya ubavu, akamaliza na ya mgongo. Kisha akamwambia anyanyue ndoo ya maji na atabasamu. Rosebellah, mjinga wa siku hizo, akatoa meno yote nje. Akadhani anapendwa! Wiki haikwisha, akajikuta garini na begi lake, anapelekwa Jeddah kwa kafili mpya aliyezipenda zile picha kwenye simu. Mkataba wa miaka miwili ukaanza upya, na miezi yote aliyosugua sakafu za Al-Suwaidi ikaenda na maji ya deki.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Rosebellah akiona simu imeinuliwa upande wake, anatafuta pa kujificha.

Na alikuwa na sababu. Mtoto wake, Valary, alimwachia nyanya yake akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Sasa mtoto anaongea, anaimba, anagombana na kuku. Akipewa simu aambiwe "msalimie mama," anaigeuza simu kuangalia huyo mama amejificha wapi. Disemba mkataba ungeisha, na Madam Hanan, huyu wa Jeddah, alikuwa amemwahidi likizo na tikiti ya kwenda nyumbani. Lakini akihamishwa tena kabla ya Disemba, hesabu inarudi mwanzo. Valary ataingia shule, atamwita nyanya yake mama, na nani atathubutu kumkosoa?

Madam Hanan hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ya Al-Rawdah ilikuwa na chakula cha kutosha na usingizi wa kiasi, na ubaya wake mkubwa ulikuwa kufunga makabati kisha kumlaumu mwingine kwa kupotea kwa funguo. Aliyeleta balaa ni bintiye, Lujain, msichana aliyekuwa akisomea uchoraji chuoni. Siku moja aliingia jikoni, simu mkononi, akaanza kumrekodi Rosebellah anavyoosha sufuria.

"Endelea tu, Rose. Usiniangalie."

"Hiyo ya nini?"

"Utaona. Sapraizi."

Sapraizi! Siku iliyofuata Lujain alitaka amrekodi akitembea kwenye korido, kwanza kwa mbele, halafu kwa ubavu. Ya tatu akataka ya mgongo, kapu la nguo likiwa kichwani. Hapo hakuhitaji mganga wa kumpigia bao.

Dereva wa nyumba alikuwa Onesmus, mtu wa Kitui, mkongwe wa nchi ile. Alipoleta vitu vya sokoni hadi mlango wa jikoni, Rosebellah alimvizia.

"Kaka Onesmus, picha ya ubavu ni ya nini?"

"Ya ubavu?" Onesmus akatua gunia la mchele. "Na ya mgongo je?"

"Wamepiga."

"Ukiwa umebeba kitu?"

"Kapu la nguo."

Onesmus akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu asiyehusika. "Pole, dada. Hapo hata mimi ningeanza kukunja nguo zangu."

Rosebellah hakulia. Babake alikuwa dalali wa ng'ombe, na yeye alikulia kwenye mnada akibebeshwa kamba. Alijua jambo moja ambalo madam wala bintiye hawakulijua, kwamba ng'ombe anayechechemea hurudi nyumbani na mwenyewe. Mnunuzi anamwangalia mguu, anasonya, anaenda kwa mwingine. Basi, kama ni picha wanataka, watazipata!

Kuanzia siku hiyo, Lujain akitokea na simu, Rosebellah anageuka kiwete. Anaburuta mguu, anapinda mgongo, anatia makengeza, anakohoa kikohozi cha mzee wa miaka tisini. Akiambiwa apande ngazi, anapanda kwa kushikilia ukuta na kuguna. Akiambiwa adake chungwa, analiachia limgonge kifua ndipo ainue mikono. Shida yake ilikuwa moja, kusahau. Akienda anachechemea mguu wa kushoto, akirudi anachechemea wa kulia.

Ajabu ni kwamba Lujain hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Tena, Rose! Fanya tena, tafadhali!" Na Rosebellah moyoni anasema, cheka mwanangu, cheka, tuone nani atamnunua kikongwe huyu.

Madam Hanan naye hakuwa kipofu. Aliona mtumishi anayeruka ngazi kama swara wakati hakuna mtu, halafu anachechemea bintiye akifika. Akaingiwa na wasiwasi wake mwenyewe. Mtu mwenye miguu mizima anayetembea hivyo, si ameficha kitu kiatuni? Rosebellah akitoka kuanika nguo alikuta malapa yake yamepinduliwa na godoro limeinuliwa. Akajiambia, ahaa, wanakagua mali kabla ya kukabidhi. Kwa muda mrefu nyumba ile ikaishi namna hiyo, kila mtu akimtazama mwenzake kwa kona ya jicho, na Lujain katikati anacheka.

Halafu ikaja ile alasiri ya wageni. Madam alimwita Rosebellah, akampa gauni jipya, lebo bado inaning'inia. "Vaa hili. Leo utakaa nasi sebuleni."

Akae sebuleni? Na wageni? Tangu lini? Alikimbilia mlango wa jikoni kumwambia Onesmus.

"Ni nani anakuja?"

"Shangazi, majirani, rafiki za Lujain," Onesmus akasema. "Na dada yake madam kutoka Riyadh, Madam Nawal. Nimemchukua mimi mwenyewe uwanja wa ndege. Njia nzima alikuwa analalamika kwamba mfanyakazi wake ameenda kwao hajarudi."

Loo! Gauni likawa zito mwilini. Rosebellah alivaa, akatia ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, ndani ya sidiria, akaingia sebuleni akichechemea miguu yote miwili.

Wanawake walikuwa wamejaa, kahawa na tende zinazunguka. Lujain akazima taa, akawasha televisheni kubwa, akasema kwamba hii ni kazi yake ya kumaliza chuo, na chuo kimeikubali. Ilikuwa katuni. Ndani yake mlikuwa na timu ya mpira ya wasichana wa kichochoro kimoja, timu ambayo haijawahi kushinda hata mechi ya kirafiki. Jezi zao zilikuwa mapazia yaliyoshonwa. Golikipa wao alipokimbia, wakamwomba mfanyakazi wa nyumba ya jirani asimame golini, kwa kuwa hakuna mwingine.

Mfanyakazi yule akatokea. Kilemba kimefungwa kwa nyuma, malapa makubwa, makengeza. Akaenda golini akichechemea mguu wa kushoto, akasahau kitu, akarudi akichechemea wa kulia.

Sebule nzima ililipuka kwa kicheko. Vichwa vikageuka kumtazama Rosebellah, vikarudi kwa televisheni, vikageuka tena. Yeye alikaa pale kama aliyemwagiwa maji. Kumbe ni katuni! Miezi yote hiyo ya kujipinda mgongo ni katuni! Kwanza alipata nafuu. Kisha ikaja aibu, na nyuma yake hasira. Msichana amechukua mwendo wake, sura yake na hata kikohozi chake, na hakumuuliza.

Lakini mechi ilimshika. Fainali wamefika kwa bahati, wanaongoza kwa bao moja, na timu ya matajiri yenye viatu vya kung'aa imepata penalti dakika ya mwisho. Mpigaji anamtazama golikipa miguu ili ajue ataanguka upande gani. Golikipa anachechemea kushoto. Hapana, kulia. Hapana, kushoto! Mpigaji akachanganyikiwa, akapiga katikati, na mpira ukamgonga golikipa makalioni alipokuwa amegeuka kutafuta lapa lake. Ukatoka nje. Kichochoro kimeshinda! Wanawake walipiga vigelegele, na Rosebellah, hasira yote ile, akajikuta amesimama anapiga makofi.

Madam Nawal alikuwa akifuta machozi ya kucheka. "Hanan," akasema, "huyu nipe mimi. Wanangu watampenda. Ijumaa naondoka naye Riyadh."

Ona sasa! Alichechemea ili asiuzike, na kuchechemea ndiko kumemuuza.

Madam Hanan alicheka, akamwongezea dadake kahawa. "Inshallah, tutaongea."

Yeyote aliyefanya kazi nchi ile anajua kwamba tutaongea si hapana. Rosebellah alitazama mlango wa jikoni. Angeweza kuingia humo, aoshe vikombe, alie, Ijumaa apakie begi lake. Mara ya kwanza ndivyo alivyofanya. Safari hii alisogea hadi katikati ya zulia bila kuchechemea, akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni:

"Madam, mimi mafi Riyadh, hapana. Mimi Disemba nyumbani. Mtoto wangu yuko huko. Madam ulisema. Sema tena, hawa wasikie."

Lujain alikuwa amejishika mdomo. Uso wa Madam Hanan ulikaza, na Rosebellah akadhani amejichimbia kaburi. Bibi mmoja mzee, jirani, akaweka tende yake chini.

"Hanan, ulimwahidi?"

"Nilimwahidi," madam akasema kwa shida.

"Basi ahadi ni deni."

"Wallahi Disemba anaenda. Halas!"

Mwingine angeshukuru akatoka. Rosebellah hakuwa huyo mwingine. "Lujain, washa simu," akasema.

Sebuleni kukazuka zahama, wanawake wanavuta mitandio, mmoja akajificha nyuma ya mto.

"Si picha! Sauti tu. Madam aseme tena."

Watu wakacheka, madam hakucheka. Lakini alisema, neno kwa neno, mbele ya simu. Alipomaliza akaisukuma simu kwa Rosebellah. "Na wewe apa. Mwezi mmoja tu, halafu unarudi kwangu, si kwa mwingine. Miaka miwili."

Kwa furaha ile angeapa hata kurudi kwa miguu. "Wallahi nitarudi," akasema.

Baadaye Lujain alimfuata jikoni, macho mekundu. "Nilitaka utembee bila kujua. Mtu akijua anarekodiwa, anaigiza."

Rosebellah aliendelea kuosha vikombe. "Ungeniuliza, mwanangu," akasema. "Ungeniuliza tu."

Madam Hanan alimnunia mpaka Disemba, lakini tikiti ilitoka. Uwanja wa ndege Rosebellah alikuwa tayari na ile sauti, aliyotumiwa na Lujain kwenye simu yake, kwa yeyote ambaye angemzuia. Hakuna aliyemzuia. Hata ndege ilipopaa aliendelea kumkagua mhudumu kwa mashaka, asije akawa ametumwa kumrudisha.

Malava alifika mchana, mvua imekatika. Mama yake alimkumbatia uani mpaka kilemba kikamtoka. Nyuma ya sketi ya nyanya alisimama Valary, mrefu kuliko alivyomdhania, mashavu yamejaa mandazi, anamtazama mgeni bila kupepesa. Alimwangalia viatu, akapanda hadi usoni, akashuka hadi kwenye begi, akaliangalia begi kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mtu.

"Njoo kwa mama," Rosebellah akachuchumaa, mikono wazi.

Mtoto hakusogea.

"Utarudi huko lini?" akauliza.

Nyanya akamkemea, wee, ndiyo salamu gani hiyo. Rosebellah alifungua mdomo amwambie mwanawe kwamba hataenda popote. Lakini kiapo chake cha kurudi kilikuwa ndani ya simu, kwa sauti yake mwenyewe, na mtoto alikuwa bado anasubiri jibu.