Pale Shangazi Anapopunguza Mwendo

“Shangazi, unaimba kama gari bovu linalopanda mlima! Ubeti wa kwanza twende, wa pili twende, wa tatu unazima. Ngoma ningeiweka wapi?”

Sekunde aliyasema hayo mbele ya wanawake wawili wa kikundi cha Shangazi, waliokuja kusikiliza wimbo baada ya kutengenezwa. Wale wawili walitazama vidole vya miguu yao. Shangazi hakutazama vidole vya mtu.

“Na wewe umenifanya nikimbie kama nimeiba kuku,” alisema. “Huyo anayeimba humo kwenye spika si mimi. Mtafute mwenyewe umpe wimbo wake.” Akachukua mkoba wake, akatoka, wenzake nyuma.

Jina la Sekunde alipewa na wateja, na hakuna aliyemwonea. Enzi akishona sare za shule, ukichelewa dakika tano unakuta mlango umefungwa. Alipogeuza chumba cha nyuma kuwa studio, kuta akizipigilia magodoro ya zamani, tabia aliingia nayo. Kila wimbo anaupa mwendo mmoja, mapigo tisini kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, kama mshono wa cherehani. Sauti ikibaki nyuma anaivuta, ikitangulia anaibana. Matangazo ya maduka, kwaya, nyimbo za chekechea, vyote vilitoka vimenyooka na hakuna aliyelalamika.

Ila Shangazi hakuwa mteja. Ndiye aliyemlea Sekunde tangu hajaota meno, na wiki iliyofuata alikuwa anakwenda kupasuliwa uvimbe wa shingoni. Daktari hakuficha: sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Kwa hiyo kilichorekodiwa ndicho kilichopo. Sekunde alilijua hilo, na bado aliikata sauti ile kama kitambaa cha sare. Mafundi ndivyo tulivyo: kazi ikinoga, mtu anasahaulika.

Kesho yake asubuhi aliirudisha sauti ya Shangazi jinsi ilivyoingia, bila ngoma, akaisikiliza huku akigonga meza kwa kidole. Kidole kilikwenda sawa hadi ubeti wa tatu, kisha kikaanza kusubiri. Shangazi hakuwa amepotea. Alipunguza kidogo kidogo, kama mtu anayetua beseni la vyombo vya kioo, halafu akarudia mwendo wake wa mwanzo bila kuteleza.

“Kumbe mjinga ni ngoma,” Sekunde aliiambia kompyuta.

Akaanza kuchora mwendo mpya kwenye mstari wa juu wa skrini: tisini, themanini na sita, themanini, sabini na nne, halafu kupanda tena. Akaufungulia wimbo. Ngoma ikapunguza, na Shangazi naye akapunguza mara ya pili, akiburuta maneno kama mlevi anayetafuta ufunguo. Sekunde alikuwa amesahau kuifunga sauti mahali pake. Usipoifunga, mwendo ukibadilika na yenyewe inafuata. Alijitukana tusi lisilofaa karatasi. Akaifunga, akaanza upya, pigo kwa pigo, mpaka ngoma ikajifunza adabu ya kumsubiri mtu mzima.

Mchana akaenda kwa Shangazi, wimbo ukiwa kwenye simu.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Gari bovu liko jikoni, unalitaka?”

Sekunde akaufungulia wimbo. Shangazi alisikiliza, mkono shingoni. Ubeti wa tatu ulipofika, ngoma ilimfuata nyuma taratibu, na midomo yake ikaanza kucheza.

“Haya, huyu ni mimi.”

“Lakini kwa nini pale unapunguza?”

“Pale ndipo ulipokuwa unaanza kusinzia nikikubembeleza, we mtoto. Ulikuwa mlizi, kulia usiku kucha, mtaa mzima unakujua. Macho yakianza kufumba, mimi nikimbilie wapi? Nikikazana unaamka, tunaanza moja. Ndivyo wimbo ulivyonikaa.”

Sekunde aliitazama simu, akatazama sakafu. Sekunde ni mwanamke anayeweza kurudia kazi mara kumi kuliko kusema samahani mara moja.

“Nisamehe, Shangazi,” alisema. “Na yale ya jana mbele ya wenzako, nisamehe.”

“Hilo ndilo nililokuwa nakudai. Nimepokea.” Shangazi akamsogezea kigoda. “Sasa weka tena, na uongeze sauti, hata jirani asikie.”