Kwenda Kalinzi Kutafuta Maharage ya Mama

Nilisikia dumu tupu likigongwa sakafuni kabla sijafungua macho. Likagongwa tena, kisha ikaja sauti ya mama kutoka jikoni, ya chini kuliko kawaida yake. "Zuhura, mbegu zangu ziko wapi?"

Nilikuwa nimezipika. Jana yake wageni walikuja kwetu Buzebazeba bila taarifa. Nikaona maharage kwenye dumu, nikayaosha majivu ya kuzuia wadudu, nikayaunga kwa mawese. Yalisifiwa mpaka sufuria ikakwanguliwa. Sikujua kwamba yale meupe yenye madoa mekundu yalikuwa mbegu yote aliyokuwa nayo mama, aliyopewa Kalinzi kabla sijazaliwa, na ambayo sokoni haionekani tena. Na mvua za kupandia zilikuwa zimeanza.

"Utakwenda Kalinzi kwa Mama Gervasi, aliyenipa," alisema. "Na usithubutu kusema umezipika. Sema zimebunguliwa."

Akanifungia fiwi, yale maharage mapana ya uani kwetu, kwenye kitambaa. Kwa wao wawili mbegu hainunuliwi: unapeleka iliyozaa kwako, unarudi na iliyozaa kwa mwenzako.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Mwandiga nikapanda bodaboda, na kwenye mwinuko wa kwanza nikageuka kutazama. Ziwa lilikuwa limelala kimya, rangi ya bati jipya, na milima ya Kongo ilikuwa mstari mwembamba tu.

"Umebeba nini kwa uangalifu hivyo, dada?" aliuliza dereva.

"Fiwi."

"Unapeleka maharage Kalinzi? Si ungechota na ndoo ya maji ukamwage ziwani!"

Alicheka mwenyewe mpaka kona ya pili, ambako matope yalimnyamazisha.

Saa nne nilifika. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mibuni, na chini ya migomba udongo ulinukia mvua. Mama Gervasi, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni, alikuwa kibarazani akipepeta maharage. Nikamwamkia, nikamwomba mbegu zake za madoa, nikampa fiwi. Alizimimina ungoni, akang'ata moja, akaridhika.

"Na zangu zimepatwa na nini?"

"Zimebunguliwa, mama."

Ungo ukasimama. "Kwa mama yako? Na majivu yote yale?" Akatikisa kichwa. "Basi sikupi. Dumu lenye wadudu litazila na hizi. Mwambie alisafishe, aje mwakani."

Mwakani! Nilimwona mama mbele ya matuta yake matupu msimu mzima.

"Hakuna wadudu," nikasema. "Nilizipika mimi. Wageni walikuja."

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Zote?"

"Zote."

"Zilikuwa tamu?"

"Tamu sana, mama."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini alipoinuka kwenda ndani, uso ulikuwa umebadilika. "Jirani zenu hawakuwa na mbegu ya kukuazima?"

"Mama hagawi. Anapenda awe nayo peke yake."

"Mimi mvua ya mawe ilinimaliza mwaka juzi. Sikubaki hata na punje." Akarudi na kibuyu kidogo. "Hizi unazoziona nimerudishiwa na jirani niliyewahi kumgawia, wa ng'ambo ya mfereji. Mwambie mama yako hivyo. Na mwambie ameniudhi kwa kutozigawa."

Akanihesabia viganja vitatu.

Saa kumi jioni nilikuwa nyumbani. Mama alizimwaga mbegu kwenye sinia, akazigusa moja moja, akapumua. Nikamweleza yote, pamoja na ukweli niliousema.

"Kwa hiyo Kalinzi nzima inajua binti yangu amekula mbegu."

"Inajua pia hugawi."

Safari hii imenifunza kwamba mbegu inayokaa nyumba moja ina sufuria moja tu kati yake na mwisho wake, lakini mama sikuwa na haja ya kumfunza. Aliketi akizitazama, akatenga viganja viwili upande huu na kimoja upande ule. Akabadili mawazo, akachukua kidogo kutoka kwenye fungu lake, akaongeza kwenye lile dogo.

"Mama Asha yupo kwake saa hizi?" aliuliza. Mama Asha ni jirani yetu, aliyeziomba mbegu hizo miaka yote.

"Yupo, nimempita anafua."

Akafunga fungu dogo kwenye pindo la khanga, akavaa kandambili, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.