Vioo Viwili vya Ruwaida

Ruwaida binti Azan alizaliwa Kirongwe, na tangu utoto alipenda kukodolea macho vitu vidogo: ukungu wa mkate, bawa la kumbikumbi, tone la maji ya kisima. Mama yake aliona ni uvivu. Leo ndiyo kazi yake. Yumo kwenye maabara ya hospitali ndogo kisiwani Mafia, na asubuhi nyingi hukaa mbele ya hadubini akizama taratibu ndani ya mwanga ule mweupe, mpaka husahau kama ana miguu.

Mwaka juzi alikuwa na jambo lililomkera. Alipotafuta seli za saratani ya kibofu kwenye mkojo, aliambulia chache mno. Alifuata alivyofundishwa: mkojo unazungushwa kwenye mashine, mashapo yanayotuama chini yanapakwa kwenye kioo, kisha yanatiwa rangi ya zambarau ili seli zionekane. Lakini kila aliposuuza kioo alihisi kuna kitu kinaondoka na maji. Basi akaanza kuandaa vioo viwili kwa kila mgonjwa. Kimoja kitupu, kingine amekipaka kwanza utando mwembamba wa ute wa yai, ili seli zishike.

"Unajichosha," alisema Haruni, mkuu wake. "Yai la kuku litakwambia nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana najaribu."

Mwezi wa tano ukaja mkojo wa Mzee Kheri, mkulima wa minazi wa Bweni, aliyekuwa akikojoa damu, na aliyewahi kuugua kichocho, ugonjwa unaoweza kuzaa saratani ya kibofu, ujanani alipokuwa akilima mpunga Rufiji. Kioo kitupu kilikuwa safi. Haruni alikwisha kushika kalamu aandike kwenye fomu kwamba hana saratani.

Ruwaida akaweka kioo cha yai. Rangi ilikuwa imetapakaa kama ukungu wa alfajiri, na ndani yake, zimejikusanya, zilikaa seli sita zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyopinda. Akaziangalia muda mrefu. Hakutaka ziwe kweli seli za saratani. Akaomba mkojo mwingine, na kesho yake akazikuta tena.

Haruni aliinama kwenye hadubini, kisha akaichana ile fomu.

Daktari alipokwisha kumweleza majibu, Mzee Kheri alikuja mwenyewe maabara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeziona?"

"Mimi, babu."

"Zikoje?"

Ruwaida alitafuta neno. "Kama watu waliopotea njia."

Dar es Salaam madaktari walimkuta na uvimbe mdogo, ungali juujuu kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, wakautoa. Ruwaida alimaliza jozi sitini za vioo. Cha yai kilishika seli nyingi zaidi, ingawa rangi yake haikutulia, na mara mbili kilimdanganya, akadhani ameona saratani isiyokuwepo. Haruni aliyaandika yote, mazuri na mabaya, na tangu hapo kila mkojo wa mtu anayekojoa damu huandaliwa vioo viwili.

Kila baada ya miezi mitatu Mzee Kheri huja kupimwa. Safari ya mwisho aliomba achungulie kwenye hadubini. Alifumba jicho moja, akatabasamu.

"Kumbe ndani yangu kuna rangi ya zambarau," akasema, na hakutaka kuondoka.